Telegram kwa mwalimu, maoni yangu
Walimu wenzangu mliong'ang'ania WhatsApp tu mnajinyima. Huku Telegram admini akiachia unasoma mpaka vilivyotumwa grupuni miaka ya nyuma, sio ukichelewa imekula kwako. Mi nafundisha fizikia shule ya kata, maabara hatuna, usiku nikauliza grupuni ukinzani, yaani kitu kinavyozuia umeme kupita, nafundishaje, mwalimu mmoja hata sura simjui akanirushia picha: betri mbili za redio, balbu ya tochi na penseli iliyochongwa pande zote mbili, aisee kesho yake darasa zima lilisimama! Ila grupu zingine ni matangazo ya mikopo kutwa, hizo toka bila kuaga. Na zima ile ya kujidaunlodi yenyewe, bando litaisha hujasoma kitu