Fundi wa sweta sokoni Njombe: mkono safi, siku zisizotabirika

Sweta niliyompelekea fundi huyu ilifumwa na mama mkwe wangu kwa sindano mbili na nyuzi za kijivu, na iliharibika siku niliposhuka kwenye basi dogo bila kujua kwamba msumari wa kiti umeushika mkono wa kushoto. Chini ya kiwiko palitoboka tundu la kadiri ya sarafu ya shilingi 200, na kutoka hapo vitanzi vikafumuka kimoja baada ya kingine hadi karibu na pindo, vikaacha nyuzi zilizolala kama vipago vya ngazi. Kosa lililofuata lilikuwa langu mwenyewe, kwani nililibana tundu lile kwa uzi wa pamba wa kushonea, mkono wote ukakunjamana.

Fundi cherehani wa kwanza alitaka kupitisha mashine juu ya tundu. Nashukuru kwamba umeme ulikatika kabla hajaanza.

Mama huyu wa sokoni, ambaye kibanda chake kimejaa sweta za shule zilizofumwa kwa mashine, hakushika sindano hata kidogo kwa robo saa ya kwanza. Aliigeuza sweta ndani nje, akafuata mishono ya ubavuni kwa kidole, kisha akasema, "Hapa hapashonwi, mwanangu, hapa panafumwa." Alinieleza kuwa mkono ulianzwa kufumwa kwenye pindo kwenda begani, ndiyo maana vitanzi vilikimbilia chini wala si juu. Alichoma ncha ya uzi kwa kiberiti, tukasikia harufu ya nywele zinazoungua, na jivu likasagika vidoleni mwake. Hiyo ni sufu, alisema, kwa sababu uzi wa plastiki ungeyeyuka na kuacha kidonge kigumu.

Kazi yenyewe niliruhusiwa kuitazama mwanzo wake. Aliufumua kwanza uzi wangu wa pamba, akavipitishia vitanzi vilivyobaki wazi uzi mwekundu ili visiendelee kukimbia, kisha kwa sindano yenye ndoana akavuta kila kipago cha ngazi kupitia kitanzi kilicho chini yake, safu kwa safu, hadi akafika kwenye tundu. Hapo ndipo nilipoona tofauti ya fundi na mshonaji, maana palihitajika uzi mwingine, na rangi ya kijivu ya dukani isingelingana na sufu iliyofuliwa kwa miaka sita. Kwa kuwa kola ndiyo iliyofumwa mwisho, na mahali pa kumalizia hufumuka kwa urahisi, alitoa safu moja tu ya kola, akaifunga upya, na uzi uliopatikana akaulowesha na kuuning'iniza na kijiwe ili mikunjo inyooke. Kwa uzi huo alilijaza tundu akiiga njia ya vitanzi vya asili, kwa hiyo mahali pale panavutika pamoja na sweta nzima.

Kasoro zipo. Kiraka amekikaza kidogo kuliko ufumaji wa mama mkwe, na ukikiangalia kwenye mwanga wa jua utakiona. Aliniahidi siku nne, zikawa tisa, na mara mbili nilirudi bure katika baridi ya Juni, nikiwa nimevaa koti la kuazima. Hatoi risiti, na sweta za wateja huziweka katika lundo moja bila alama, jambo ambalo lilinitia wasiwasi zaidi kuliko kuchelewa. Kwa shilingi 15,000, hata hivyo, sikuona sababu ya kulalamikia bei, hasa kwa kuwa ilijumuisha kuifua kwa maji baridi na kuianika ikiwa imelazwa, isije ikarefuka kwa uzito wa maji.

Atakayekwenda asijaribu kwanza kuziba mwenyewe, wala asikate nyuzi zinazoning'inia, kwa sababu fundi huzihitaji. Apitishe pini ya kufungia katika kitanzi kilicho wazi, na kama mfumaji alibakiza uzi nyumbani, aubebe. Mimi nitarudi kwake kabla ya msimu ujao wa baridi, maana kiwiko cha kulia nacho kimeanza kupitisha mwanga.