Stray Gods: mtu akibadilika moyo kwa wimbo, kaamua mwenyewe au kaamuliwa?

Nimemaliza Stray Gods jana usiku hapa Nyegezi, jioni tatu mfululizo, na akili bado haijatulia kwa hiyo naandika hii ikiwa bado ya moto. Kwa asiyeijua ni gemu ya 2023 ya Summerfall Studios, wale wa Melbourne kule Australia, ni zile gemu za stori za picha, yaani picha zimechorwa kama kwenye vitabu vya katuni, unasikiliza watu wanaongea halafu unachagua la kujibu, ila hii mambo yakiwa mazito watu wanaimba, na wewe unachagua mistari huku wimbo unaendelea, hakuna cha kwenda kuchemsha chai ukafikirie.

Stori sasa. Grace ni binti ana bendi na wenzake ila maisha hayaelewi yanaelekea wapi. Anakutana na mdada anaitwa Calliope, usiku huo huo yule dada anafika mlangoni kwake anavuja damu, anamfia mikononi. Kumbe alikuwa Muse wa mwisho, wale mabinti wa Zeus wa nyimbo na mashairi, Wagiriki waliwahesabu tisa. Roho yake, wao wanaiita eidolon, inamwingia Grace, na miungu wa Kigiriki waliobaki wanaojificha katikati ya watu wanamwambia wewe ndo umemuua, una siku saba za kutuonyesha siyo wewe.

Hapo kwenye roho kuingia kwa mtu mwingine, mtu wa Usukumani hahitaji kuelezwa mara mbili. Tumekua tunasikia mizimu ya ukoo imemchagua mjukuu fulani, anaumwa wee, hospitali hawaoni kitu, mpaka akubali kurithi uganga wa bibi yake. Ndo maana mdogo wangu niliyekuwa naye pembeni hakushangaa kabisa, ila akauliza swali ambalo lilinikaa mpaka mwisho: "Dada, si akumbuke tu nani kamuua? Si ana roho ya yule yule?"

Gemu ina jibu, kwamba kumbukumbu za aliyetangulia haziji zote kwa mkupuo, zinakuja taratibu. Sawa, nakubali, ila wamelipitia haraka mno wakati kesi nzima imesimama hapo. Mimi kama ningekuwa Athena, mungu wao wa hekima, kwenye lile baraza la miungu linalomhukumu Grace, swali la kwanza lingekuwa hilo, na la pili ni je kuna mtu anayenufaika Grace akichelewa kukumbuka. Sisemi zaidi, msije mkanilaumu nimewaharibia utamu.

Lakini hilo hilo la kumbukumbu ndo limezaa sehemu bora ya gemu yote, kwangu mimi, Aphrodite, mungu wa mapenzi. Huyu amebeba majeraha ya vita, na kila kumbukumbu zikimrudia anashindwa kuishi nazo, basi anafanya sherehe, anakufa kwa hiari, eidolon inaenda kwa mtu mwingine apate miaka kadhaa ya kupumua, halafu zinarudi tena. Mwanae Eros ndo anazika mama kila mara. Anakuja kwako anakuomba, ongea naye. Na wewe kuongea kwako ni kuimba.

Niliimba abaki. Chaguo zimekaa pale kwenye skrini, muda unakatika, nikabonyeza la huruma bila hata kuvuta pumzi, na akabaki. Nikafurahi kama dakika mbili hivi halafu nikakosa raha, maana Muse ana nguvu ya kuvuta watu waingie kwenye wimbo na kutoa yaliyomo moyoni, na ukiimba vizuri wanageuka. Sasa Aphrodite kabaki kwa sababu kaona sababu ya kuishi, au kwa sababu mimi nina eidolon yeye hana ya aina hiyo?

Babu alinipeleka Bujora nikiwa mdogo, kwenye Bulabo, yale mashindano ya ngoma ya Wasukuma, kundi la Wagika upande huu na la Wagalu upande ule, ngoma zinapigwa kwa wakati mmoja na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi. Babu akaniambia usiangalie wachezaji, angalia watu wanahamia wapi. Halafu akaniambia na dawa zipo, kila upande una dawa yake ya kuvuta watu, toka enzi za Ngika na Gumha wenyewe, walioanzisha makundi hayo. Nikamuuliza sasa watu wanafuata wimbo au dawa? Hakunijibu. Gemu imenirudisha kwenye swali lile lile na haijanijibu pia, kuna mahali watu wanamshuku Grace kidogo kisha stori inakimbilia kumtafuta muuaji. Hapo walitakiwa wakae. Muuaji angesubiri.

Vingine vizuri tu. Asterion, yule Minotaur wa Krete, mtu mwenye kichwa cha fahali, wamemfanya mtu mpole anayependa na anaogopa kusema, nimempenda sana. Persephone, malkia wa kuzimu, ana hasira zake za haki. Pan, mungu wa wachungaji, naye yupo, na hapa nilijiuliza, maana Plutarch, mwandishi wa Kigiriki wa zamani, aliandika kwamba baharia Thamus aliitwa kwa sauti kutoka kisiwani akatangaze Pan mkuu amekufa, ila kwa sheria za eidolon kufa siyo kuisha, kwa hiyo kwangu imekaa sawa.

Inunue, vaa hedfoni, na kama kimombo kinakupita kasi kwenye nyimbo washa maandishi ya chini. Mimi leo narudia kwa Aphrodite, safari hii namsikiliza tu, anachotaka ndo hicho hicho. Halafu naingia kwenye nyongeza ya Orpheus iliyotoka 2024. Orpheus kwenye hadithi za Wagiriki ni mtoto wa Calliope, kwa hiyo nataka nijue kitu kimoja kabla ya vyote: nani amemwambia mama yake amekufa.