Masweta ya mtumba Sabasaba: nguo za kukaa uwanjani usiku wa Nanenane

Kama unapanga kushinda uwanja wa Nzuguni, hapa Dodoma, mpaka usiku wiki ya maonyesho ya wakulima ya Nanenane, au umealikwa harusi ya Julai chini ya turubai, pita kwanza Soko la Sabasaba kwa kijana mmoja anayeuza masweta na majaketi ya mtumba. Hana bango. Ana kamba mbili tu: moja ya masweta, nyingine ya majaketi ya upepo, na hachanganyi.

Namsifia hapo hapo kwenye kutochanganya. Wengi wanamwaga belo zima chini, unainama kuchambua, na kila kilicho kizito kinaitwa nguo ya baridi. Huyu anakuuliza kwanza utakaa wapi na utarudi na nini. Nilimpeleka mama yangu, mtu ambaye Nanenane haijaisha kwake kama hajawaona wanawake wa Kigogo wakipiga ngoma ya muheme. Kijana akamwamkia, "Mbukwa, mama," kisha: "Mtakaa bandani au uwanjani?" Uwanjani. "Kurudi?" Bajaji. Lile koti jeusi zito nililokwisha kulishika akanipokonya kwa upole, akalirudisha. Akashusha sweta la sufu lenye shingo ndefu na jaketi jepesi la nailoni la kuvaa juu yake.

Ana haki. Dodoma tuko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti anga huwa jeupe. Mchana unapiga nyuzi 26, unatembea na fulana. Jua likizama hakuna wingu la kuzuia joto lisipotee, na usiku wa manane unakuta nyuzi 13 au 14. Wenzetu wa Makete, kule Njombe kwenye baridi, wanaziona hizo ni nyuzi za kawaida tu. Ila hapa kuna upepo wa kusini-mashariki, na uwanja wa wazi kama Nzuguni hauna cha kuuzuia. Upepo huo unapenya matundu ya sweta na kuiondoa hewa ya joto iliyokuwa imetulia mwilini. Ndiyo maana sweta peke yake halitoshi, na jaketi la nailoni peke yake ni baridi tupu. Koti moja zito nalo unalivua saa kumi na moja jioni kwa joto, unabaki umelibeba.

Kuhusu sufu, msimamishe akuonyeshe. Anachomoa uzi kwenye pindo na kuuwashia kiberiti. Sufu inanuka nywele zilizoungua, na majivu yake yanasagika kwa kidole. Akriliki inayeyuka na kuacha kidonge kigumu cha plastiki. Za akriliki anazo pia, na anakwambia kabla hujauliza: 6,000. Sufu alianzia 15,000 na jaketi 18,000. Tuliondoka na vyote viwili kwa 25,000. Kwa sufu ya kweli, isiyo na tundu la nondo, hiyo bei naitetea mbele ya mtu yeyote.

Usiku ule mama alikaa mpaka ngoma zikanyamaza. Akiinuka kupiga vigelegele anafungua zipu, akikaa anafunga. Kitenge magotini, kilemba kikifunika masikio. Njia nzima ya kurudi, bajaji ikiwa wazi pembeni, hakulalamika hata mara moja, na mama yangu ni mtu wa kusema.

Mapungufu yapo. Vya watoto ni vichache na havikai sokoni muda mrefu. Soksi na kofia hana kabisa, vitafute kwa wengine. Kioo hakuna, kwa hiyo nenda na mtu wa kukuangalia mgongoni. Zipu zijaribu zote palepale, juu hadi chini, maana fundi wa kubadilisha zipu atakula nusu ya ulichookoa.

Ukifika nyumbani loweka sufu kwenye maji ya baridi yenye sabuni kidogo, usiikamue kwa kuipinda, ilaze kivulini juu ya taulo. Ukiitundika kwenye kamba mikono itarefuka. Na ufike sokoni asubuhi, wiki mbili kabla ya Agosti mosi. Maonyesho yakishaanza, kamba ya sufu ndiyo inayoisha kwanza.