Uzoefu wangu wa kupita uhamiaji Toronto: familia ya wakazi wa kudumu wapya kutoka Dar es Salaam

Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya familia ambazo zimekwisha kubandikiwa viza ya ukazi wa kudumu wa Kanada katika pasipoti zao na sasa zinahesabu siku za kusafiri. Mimi mwenyewe nilipokuwa katika hali hiyo nilikuta maelezo mengi sana kuhusu namna ya kuomba, na machache mno kuhusu siku yenyewe ya kuingia. Tulitua Uwanja wa Ndege wa Toronto Pearson asubuhi moja ya Agosti 2023 kupitia Addis Ababa, mimi nikiwa mwombaji mkuu, pamoja na mume wangu, binti yetu wa miaka tisa na mdogo wake wa miaka minne. Tulikuwa tunaelekea Edmonton, katika mkoa wa Alberta, kwa dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, ambaye ameishi huko kwa miaka mingi. Huduma tuliyoipata kwa maofisa wa uwanja ule naipa nyota tano bila kusita. Tabu iliyotupata siku ile ilitokana na tiketi, na chanzo chake kilikuwa Dar es Salaam, wiki tatu kabla hatujapanda ndege.

Nianze na tiketi hiyo ili mwingine asiingie katika shimo lile lile. Wakala aliyetuuzia, ambaye sitamtaja, alituhakikishia kwamba saa moja na dakika hamsini kati ya kutua Toronto na kuruka kwenda Edmonton zilikuwa zinatosha, kwa sababu mizigo ingefika yenyewe mpaka mwisho wa safari. Sivyo. Mtu anayeingia Kanada kwa mara ya kwanza kama mkazi wa kudumu humaliza shughuli zote za uhamiaji na forodha katika uwanja wa kwanza anaoutua ndani ya nchi, hata kama tiketi yake inaendelea mbele. Mizigo yake pia huichukua hapo, akapita nayo forodha, kisha akaikabidhi upya kwa safari ya ndani. Sisi tulitoka ukumbi wa uhamiaji tukiwa na hati zetu zilizosainiwa, na ndege ya Edmonton ilikuwa imekwisha kuondoka. Tulipata viti katika ndege ya jioni baada ya kulipa nyongeza ambayo kwa watu wanne si haba. Ushauri wangu ni kwamba mwenye watoto asikubali chini ya saa nne kati ya ndege hizo mbili, na kama anaweza kulala Toronto usiku mmoja, basi alale.

Hatua ya kwanza baada ya kushuka ni mashine za kujihudumia, ambapo unaweka pasipoti, unapigwa picha na kujibu maswali ya forodha, kisha inatoka karatasi ndogo. Familia inayoishi anwani moja inaweza kutumia mashine moja kwa pamoja. Kuna swali la chakula na swali la fedha, na yote mawili nilijibu ndiyo, kwa sababu tulikuwa na dagaa wakavu na bizari katika begi, na tulikuwa na fedha zinazozidi dola 10,000 za Kanada, sehemu ikiwa taslimu na sehemu hundi ya benki. Najua wapo wanaoogopa kuandika ndiyo kwa kudhani kwamba fedha zitatozwa kodi. Kutangaza dola 10,000 au zaidi hakuna malipo yoyote, bali kutozitangaza ndiko kunakoweza kusababisha zikamatwe, na sioni sababu ya mtu kuanza maisha mapya kwa uongo wa namna hiyo. Dagaa walitazamwa, nikaulizwa kama kuna nyama yoyote, nikasema hakuna, tukapita.

Ofisa wa kwanza alipoona viza zetu alituelekeza kwenye ukumbi wa uhamiaji ulio pembeni, ambako wanapokelewa wakazi wapya pamoja na wanafunzi na wenye vibali vya kazi. Unapanga foleni, unaketi, unaitwa. Tangu tulipoingia mpaka tulipotoka ilikuwa saa moja na dakika arobaini, na humo ndani tuliona familia za kila bara, watoto wamelala juu ya mabegi, akina mama wanakagua bahasha kwa mara ya kumi. Ofisa aliyetupokea alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, asiye na haraka. Alianza kwa kumsalimia mwanangu mdogo kabla ya kusema nasi, na mtoto aliyekuwa analia njia nzima akanyamaza.

Hati inayoshughulikiwa hapo ni uthibitisho wa ukazi wa kudumu, ile ambayo waombaji wote wanaiita COPR, na kila mtu huwa na yake, hata mtoto mchanga. Haisainiwi nyumbani. Unaisaini mbele ya ofisa baada ya kukuuliza maswali, na ya watoto wadogo husainiwa na mzazi. Kwa kuwa mimi ndiye mwombaji mkuu, maswali yote yalinielekea mimi kwanza. Jambo hili linahitaji kusemwa wazi, maana katika familia zetu mara nyingi baba hutangulia kutafuta nyumba na kazi, mama na watoto wakafuata. Ikiwa mwombaji mkuu ni mama, baba hawezi kutangulia, kwani mwombaji mkuu lazima aingie kabla ya wategemezi wake au pamoja nao. Mume wangu alikuwa na mpango huo wa kutangulia mpaka tulipousoma utaratibu vizuri.

Maswali yenyewe ni machache. Aliniuliza kama nimewahi kuhukumiwa kwa kosa la jinai, kama nimewahi kukataliwa kuingia Kanada au kuamriwa kuondoka, na kama nina mtegemezi mwingine yeyote ambaye hakuandikwa katika hati. Swali hili la mwisho ndilo zito kuliko yote, na nasikitika kwamba watu hulipita kama jambo la kawaida. Aliyeoa, aliyeachana au aliyepata mtoto baada ya kutuma maombi anapaswa kulisema jambo hilo kabla ya kusaini, hata kama kulisema kutachelewesha safari, kwa sababu mke au mtoto aliyefichwa siku ile anaweza kuzuiwa asidhaminiwe na mzazi au mwenzi wake baadaye kama mwanafamilia. Mtoto wa nje ya ndoa naye ni mtegemezi. Sheria haiangalii kama anaishi kwa bibi yake Tanga au kama baba hajawahi kumtaja nyumbani.

Baadaye aliuliza tumekuja na kiasi gani cha fedha, nikampa barua ya benki na risiti ya hundi, akazitazama kwa dakika moja na kuzirudisha. Ndipo tukafika kwenye anwani. Kadi ya ukazi wa kudumu hutumwa kwa posta mpaka kwenye anwani unayoitoa, na usipoitoa ndani ya siku 180 unalazimika kuiomba upya na kuilipia. Kadi hii ndiyo utakayoonyesha unapopanda ndege kurudi Kanada ukitoka nje ya nchi, kwani viza iliyo katika pasipoti ni ya kuingia mara moja tu. Dada yangu alikuwa amenitumia anwani yake kwa ujumbe wa simu, lakini mume wangu aliinakili kwa herufi kubwa kwenye kadi ngumu, pamoja na namba ya fleti na ile namba ya posta inayochanganya herufi na tarakimu. Ofisa aliiandika, kisha akageuza skrini ili tuihakiki wenyewe. Nilipoisoma kwa sauti niligundua kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nimemtajia tarakimu mbili za fleti kinyume. Akasahihisha palepale. Kadi zetu zote nne zilifika katika wiki ya saba.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hakuna aliyeniambia kwa mdomo, nalo ndilo lililotufaa kuliko yote: orodha ya mali. Mkazi mpya anaruhusiwa kuingiza vitu vyake binafsi na vya nyumbani bila ushuru, mradi viwe vyake na awe amekuwa akivitumia kabla ya kuingia. Forodha hutaka orodha mbili siku ya kwanza, ya vitu ulivyokuja navyo na ya vitu vitakavyofuata baadaye. Kitu kisichoandikwa katika orodha ya siku ile kikija baadaye hakina msamaha huo, hata kama ni sufuria uliyoipikia kwa miaka kumi. Hata mtu aliyefika na begi moja tu mkononi anapaswa kukabidhi orodha ya vinavyofuata.

Orodha yetu tuliiandaa kwa usiku nne mezani Dar es Salaam, nakala mbili, kila kitu kwa mstari wake, thamani yake kwa dola za Kanada, na namba ya kiwanda kwa vyenye namba. Cherehani ya marehemu mama, yenye pedeli ya chuma, iliandikwa kwa namba yake iliyochongwa ubavuni, ambayo tuliisugua kwa mafuta ya taa ndipo ikasomeka. Kanga tuliziandika kwa doti, doti thelathini na mbili. Bangili zangu za harusi nilikuja nazo mkononi, kwa hiyo ziliingia katika orodha ya kwanza pamoja na picha zake na karatasi ya sonara wa Kariakoo aliyezipima na kuandika gramu na thamani. Picha za vito ni lazima ziwe nzuri, maana mtu akisafiri navyo siku nyingine akarudi, hizo ndizo zitakazothibitisha kwamba havikununuliwa nje baada ya hapo.

Ofisa wa forodha, kijana mwenye kilemba cha Kisikhi, alipitia kurasa zetu mstari kwa mstari na kusimama kwenye mstari wa 23. Hapo tulikuwa tumeandika kwa Kiingereza kigoda cha mbao chenye chuma cha kukunia nazi, na pembeni mume wangu akaongeza neno mbuzi kwa mabano, kwa kuwa aliona ni haki kitu kiitwe jina lake. Kijana yule aliuliza hicho ni kitu gani hasa. Binti yangu akaketi ubavu sakafuni, akashika nazi ya hewani kwa mikono miwili na kuizungusha mbele yake namna bibi yake alivyomfundisha. Ofisa alielewa mara moja. Akasema bibi yake mwenyewe huko Punjab alikuwa na chombo cha namna hiyo, ila chake kinabanwa juu ya meza. Aliuliza kama mbao imesafishwa na haina udongo wala wadudu, akatukumbusha tuhakikishe hivyo kabla ya kuifunga, kisha akapiga mhuri kurasa zote na kutupa nakala yetu.

Tulipotoka kulikuwa na meza ya kuwapokea wahamiaji wapya, ambapo tulipewa kijitabu cha maelezo na orodha ya ofisi zinazosaidia familia mpya katika kila mkoa, ukiwamo Alberta. Namba ya bima ya jamii, ambayo unaihitaji ili kufanya kazi Kanada, tuliiomba siku ya tatu tukiwa Edmonton, tukaondoka nayo siku hiyo hiyo. Bima ya afya ya mkoa tuliiomba wiki hiyo pia.

Kasha letu liliwasili Edmonton mwezi Machi 2024, baada ya bahari na reli. Nilikwenda forodha mwenyewe na ile nakala yenye mhuri wa Toronto, mume wangu akiwa kazini. Ofisa wa pale aliilinganisha na karatasi za meli, akachagua mistari sita ya kukagua, akafungua kasha. Cherehani ilikuwepo, na namba yake ilisomeka. Doti za kanga alizihesabu kwa kugusa kingo tu, bila kuzifunua. Mstari wa 23 naye aliuuliza, nikamwonyesha. Sikulipa ushuru wowote, na nilitia saini ya kupokea mali saa sita mchana. Nakala ile naitunza katika faili moja na hati zetu za COPR, kwa sababu kitu kilichoingizwa kwa msamaha huo kikiuzwa au kutolewa kabla ya miezi 12 kupita, ushuru wake hudaiwa.