Kamba za kufungia boti kwenye boya: nilizozijaribu na niliyobaki nayo

Boti yangu ina urefu wa mita 9 na inalala kwenye boya, si gatini. Usiku na mchana inazunguka inavyotaka: upepo ukigeuka inageuka, maji yakianza kupwa inageuka tena, na upepo ukibishana na mkondo inayumba upande hadi upande mpaka inaligonga boya lenyewe. Kamba ya namna hii haipumziki hata saa moja. Nimeshatumia za aina nne kwa kazi hiyo hiyo, na mtu akiniuliza anunue ipi namwambia nailoni ya nyuzi tatu, afunge mbili, kisha akili yake yote aielekeze kwenye kile kipande kifupi kinachopita ukingoni mwa omo, yaani sehemu ya mbele ya boti. Kamba nyingi hufia hapo, si kwingine.

Polipropilini niimalize haraka. Ni nyepesi, inapatikana kirahisi, na kwa kufungia boti haifai. Jua linaila, ikishachakaa, ukiipitisha kiganjani inakuachia vijiti kwenye ngozi. Tena kule kuelea kwake, ambako wauzaji hukusifia sana, ndiko kunakoiweka juu ya maji ikisubiri kunaswa na rafadha ya boti ya jirani. Nimeibakishia kazi moja: kamba nyembamba ya kuokotea, ile unayoinasa kwa ndoano ukilifikia boya. Kwa hilo sina neno nayo.

Poliesta ni kamba nzuri, na watu wengi wataitetea. Ikilowa nguvu zake hazipungui, jua inalistahimili, na msuguano inauvumilia kuliko nailoni. Shida ni kwamba hairefuki vya kutosha. Wimbi linainua omo, kamba inakaza ghafla, na mshtuko wote unaishia kwenye kigingi, kile cha sitahani kinachofungiwa kamba, na bolti zilizokishika chini ya sitaha. Usiku wa mawimbi mafupi ukilala ndani unasikia gu! gu! kila baada ya sekunde chache, usingizi hauji. Nilipoanza kuona nyufa nyembamba za rangi kuzunguka kigingi niliitoa, nikaipeleka kwenye kazi za gatini, ambako inafanya vizuri kabisa.

Nailoni ndiyo inayonyumbuka. Ya mita 4 ikivutwa sawasawa hurefuka zaidi ya nusu mita na kurudi, kwa hiyo omo inapanda na kushuka bila kishindo. Lakini usinunue ukidhani haina kasoro. Ikilowa hupoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu zake, nayo kazi hii ni ya kulowa tu. Halafu ule unyumbufu wenyewe una gharama: kila inaporefuka na kufupika inajisugua kwenye chuma cha omo, na ndani yake nyuzi zinasuguana zenyewe kwa zenyewe. Msuguano huleta joto, na nailoni ya kawaida huyeyuka kwenye nyuzijoto 220 hivi.

Hilo la joto sikulichukulia kwa uzito mpaka nilipoishika kamba niliyoitoa baada ya dhoruba. Kwa nje ilikuwa na manyoya tu, kama kamba yoyote iliyotumika. Nilipozifungua nyuzi zake tatu, pale ilipokuwa ikipita ukingoni, nikakuta ndani kumeganda: sehemu ngumu inayong'aa, haipindi, ukiikunja inalia na kutoa unga mweupe. Sentimita kumi mbele na nyuma ya hapo kamba ilikuwa laini, kama mpya.

Sababu moja ilikuwa ile kinga niliyouziwa pamoja nayo, bomba la plastiki la kuvikia kamba. Bomba linazuia mikwaruzo, sikatai, lakini linafungia joto ndani na kuyazuia maji yasifike kwenye kamba kuipoza. Siku hizi nashona ngozi, au kitambaa kizito kinachopitisha maji, moja kwa moja juu ya kamba, na uzi wa kushonea naupitisha katikati ya nyuzi zake ili kinga isitembee. Kinga inayoteleza ni sawa na kutokuwa nayo, maana usiku ikisogea kiganja kimoja tu chuma kinakutana na kamba tupu. Na kingo za chuma chenyewe nazipitishia msasa mpaka kidole kisihisi kona.

Kuhusu unene, watu hupunguza hapa ili kuokoa pesa, na hesabu inawakataa. Nguvu ya kamba hukua kwa mraba wa kipenyo chake: ukitoka 12 mm kwenda 18 mm hupati nusu zaidi, unapata zaidi ya mara mbili. Upepo nao una mraba wake. Kasi ikitoka noti 20 (maili za baharini kwa saa) hadi 40, msukumo kwenye boti unakuwa mara nne. Mimi natumia 18 mm. Nene zaidi ya hapo, kwa boti ya ukubwa wangu, inaanza kuwa ngumu kurefuka na haikai vizuri kwenye kigingi.

Zifungwe mbili, kila moja na njia yake omoni, moja kulia na moja kushoto. Ya pili naiacha ndefu kidogo ili ikae bila kukaza sana na kuchukua zamu ile ya kwanza ikikatika. Urefu nao usiukadirie kwa macho. Kamba fupi inavuta omo kwenda chini na kuongeza msuguano. Ndefu kupita kiasi inaizunguka shingo ya boya, au inaingia chini na kuukamata usukani maji yakitulia. Kuanzia kwenye boya hadi omoni, mara mbili na nusu ya kimo cha omo juu ya maji kumenitosha.

Aina ya nne ni ile kamba ya kisasa inayouzwa kwa majina kama Dyneema. Nguvu zake ni za kutisha, inaelea, na mikwaruzo haiijali. Ila karibu hairefuki kabisa, huyeyuka kwenye nyuzijoto 150 hivi, na inateleza mno hata fundo la kawaida haliishiki. Kuifunga peke yake kati ya boti na boya ni kujitafutia kung'oa kigingi. Nimeona watu wakiiweka kwenye kile kipande cha omoni tu na kuiunga na nailoni kwa kusuka, na hilo lina mantiki. Mimi sikuendelea nayo. Ngozi na nailoni vinanitosha, na naweza kuvitengeneza mwenyewe nikiwa nimekaa sitahani.

Kitanzi cha upande wa boya kisukwe, kisifungwe kwa fundo. Fundo linaweza kula karibu nusu ya nguvu za kamba, wakati kitanzi kilichosukwa vizuri kinabakiza sehemu kubwa. Ndani yake weka pete ya chuma yenye mfereji, na pini ya pingu, kile chuma kinachounganisha pete hiyo na boya, uifunge kwa waya ili isijifungue. Mnyororo wa chini na kile kiungo cha kuzunguka navyo vinalika. Hivyo vinataka mzamiaji, si mimi.

Matunzo hayana miujiza. Kila nikipanda botini nazishika kamba zote mbili kwa mkono, maana mkono unagundua ugumu kabla ya jicho. Mwani na makombe nayakwangua kwa kipande cha ubao, si kisu. Mara kwa mara nazitoa moja moja, nazilowesha usiku kucha kwenye maji baridi yasiyo na chumvi, kisha nazianika kivulini. Dawa ya kung'arishia nguo sitii kabisa, inaiharibu nailoni. Chumvi ikikauka katikati ya nyuzi inageuka chembe zinazokwaruza kwa ndani, kwa hiyo huko kulowesha si usafi wa urembo.

Naitoa kamba ikishakuwa ngumu, ikitoa unga, au uzi mmoja ukiwa umekatika hata kama mbili nyingine zinaonekana nzima. Nikishaitoa naikata vipande siku hiyo hiyo, la sivyo kuna mtu ataiokota na kufungia boti yake.