Ukanda wa aluminiamu mlangoni, baada ya miezi mitano ya kukanyagwa

Mama mkwe alikuja kutoka Tanga, na siku ya kwanza tu akajikwaa kwenye mlango wa chumba cha wageni. Akashika fremu, akaniuliza, "Mwanangu, hapa mmemtegea nani?" Chumbani kuna zulia la ukuta kwa ukuta, koridoni ni marumaru, na pale vinapokutana fundi alikuwa amekata zulia kwa wembe akaliacha hivyo hivyo. Nyuzi zilining'inia kama ndevu za mahindi.

Nikaenda kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi ya Gerezani, Dar es Salaam, kutafuta ukanda wa kufunika maungio hayo. Duka la kwanza waliniuzia ukanda wa kubandika, wenye gundi chini, shilingi 7,000. Kama kwenu mnapiga deki, usiuguse. Koridoni kwetu panadekiwa kila asubuhi. Wiki ya pili maji yalishapenya, ncha ikainuka, mtego ukarudi, safari hii wa chuma.

Huu wa pili ndio ninaousifia. Ni wa skrubu, una urefu wa sentimita 90, matundu matano, na upande mmoja umeinuka kidogo kisha ukajikunja chini ili ulikandamize zulia. Zulia langu limezidi marumaru kimo kwa karibu milimita 8, kwa hiyo ule ulio bapa kabisa usingekaa. Pima kwanza nyumbani ndipo uende. Walitaja 14,000, nikaomba, tukaishia 12,000.

Mlango ni sentimita 80, tukakata kwa msumeno wa chuma na kusugua ncha kwa tupa. Fundi wa safari hii alinikosha kwa jambo moja: alifunga mlango kwanza, akapiga mstari wa penseli chini yake, akasema ukanda ukae papo hapo, ili mlango ukifungwa aliye koridoni asione zulia na aliye ndani asione marumaru. Mimi nilikuwa nahofia kutoboa. Alibandika tepu ya karatasi ili drili isiteleze, akaanza polepole bila kuiweka kwenye hali ya kugonga, na alipoivuka marumaru na kufika kwenye zege ndipo akairuhusu igonge. Hakuna kilichopasuka.

Skrubu wanazokupa na ukanda, zitupe. Mbili zililika vichwa kabla hazijazama. Nikanunua nyingine za chuma kisichoshika kutu, vichwa bapa, maana tundu la ukanda limechongwa kama faneli. Kichwa cha mviringo kitabaki juu kikwaruze vidole vya watu.

Halafu mlango ukagoma kufunga. Seremala akaung'oa, akaupiga randa milimita tatu kwa chini, 10,000 nyingine ambazo muuzaji hakunidokezea.

Leo zulia limetulia, hata uzi mmoja haujachomoka. Nilichagua rangi ya dhahabu kwa sababu ya vitasa, na imeshapauka katikati, pale nyayo zinapotua. Ningerudi dukani ningechukua ya fedha. Mchanga nao hujificha kwenye mkunjo, ila mswaki mkuukuu unautoa. Nyota nne kati ya tano; moja nimeikata kwa ajili ya zile skrubu.

Mama mkwe alirudi mwezi uliopita. Usiku umeme ulikatika, nikamsikia akipita kwenda chooni gizani, ndala zikiburuzika vilevile kama mchana.