Kahuzi na Mama: uzoefu wangu na kampuni iliyotupeleka

Nilikuwa nimeshaamua kunyamaza. Halafu juzi binamu yangu wa Kadutu, hapa Bukavu, akanitumia picha kwenye simu, akaniuliza, "Huyu si mama mkubwa?" Ni yeye. Amesimama kwenye kilele cha mlima Kahuzi, huku kwetu mashariki ya Kongo, kitenge amekifunga kiunoni juu ya suruali, bote za mpira zimejaa tope, mkononi ameshika fimbo ya mwanzi. Chini ya picha kampuni ileile imeandika kwamba safari zake ni za watu wa umri wote. Mikono ilinitetemeka. Umri wote! Watu waliotaka kumrudisha katikati ya njia, leo ndio wanatafutia wateja kwa uso wake.

Bei na vitu vya kubeba mtaulizia wenyewe. Mimi nataka kuandika juu ya maneno yaliyosemwa kwenye mianzi.

Kwanza mjue Mama ni nani kwa mlima ule. Alizaliwa kijiji cha Miti, kabla parke, yaani hifadhi ya taifa ya Kahuzi-Biega, haijaanzishwa mwaka 1970. Ukitoka Bukavu kwenda uwanja wa ndege wa Kavumu lazima upite Miti, na siku isiyo na mawingu Kahuzi unauona mkono wa kushoto, umesimama juu ya mashamba ya chai kama ukuta. Yeye aliuona kila asubuhi ya utoto wake. Anasema bibi alikuwa anamtuma nje kuangalia kama mlima umevaa wingu, ndipo aamue kama siku hiyo nguo zifuliwe au zingoje. Lakini kupanda hakupanda kamwe. Nani angempeleka? Akaolewa mjini, akafundisha shule ya msingi zaidi ya miaka thelathini, akatulea. Alipoacha kazi nikamwuliza anataka zawadi gani. Akasema, "Nataka kuiona Miti kutoka kule juu."

Nikakusanya pesa, nikapiga simu kwa kampuni moja ya hapa mjini. Jina silitaji. Nilimwambia aliyepokea umri wa Mama, waziwazi, na kwamba goti lake la kulia linamsumbua wakati wa kushuka. Akanijibu, na maneno haya nimeyashika mpaka leo: "Hakuna shida, papa, sisi tunatembea kwa mwendo wa aliye nyuma."

Ilikuwa kiangazi. Tulitoka giza halijaisha, tukiwa wateja sita: wageni wawili kutoka Ulaya, mume na mke vijana kutoka Goma, Mama na mimi. Gari lilifika kwa saa yake, hilo siwanyimi. Tshivanga, kwenye ofisi za parke, tulipokelewa vizuri sana. Tukaandikwa kwenye daftari, tukapewa mlinzi mwenye bunduki na pista, yaani mfuatilia nyayo, mwenye panga, kisha tukaendelea na barabara ile inayokata msitu kuelekea Bunyakiri mpaka mahali njia ya mlima inapoanzia.

Pale ndipo kijana wa kampuni, kiongozi wetu, alipomwangalia Mama miguuni. "Na hizo bote za shamba?" Ndiyo, ni bote anazolimia. Mama akatabasamu, akaziinamia kuzikung'uta. Mimi nikasema moyoni labda ni utani tu, tusianze siku na ugomvi. Nilikosea. Ningesema palepale.

Njia inaanza vizuri, halafu unaingia kwenye mianzi. Mtu ambaye hajafika asifikirie mianzi michache ya kando ya mto. Ni msitu mzima wa mianzi, imelaliana juu ya kichwa chako mpaka mchana unakuwa wa kijani, na chini udongo mweusi unateleza hata wakati wa kiangazi. Sokwe wakubwa wa parke hii hupenda kuja kula machipukizi yake mvua zinaporudi. Sisi tulikuta kinyesi cha zamani tu, na Mama alifurahi hata kwa hicho. Alikuwa anapanda polepole, hatua na pumzi, hatua na pumzi. Hakulalamika hata mara moja. Kiongozi alikuwa mbele na wale wageni wawili, tunamsikia akicheka, hatumwoni. Huo ndio mwendo wa aliye nyuma?

Tuliwakuta wamekaa juu ya gogo. Mama alikuwa bado hajaketi. Yule kijana akamgeukia mlinzi, akasema kwa Kifaransa kwamba bibi huyu atawaharibia watu siku yao, afadhali ashushwe akangoje kwenye gari.

Kwa Kifaransa. Mbele ya mwalimu aliyesomesha watoto imla miaka yote ile.

Nilihisi damu inapanda kichwani. Nikafungua mdomo. Mama akanishika mkono, akaniambia taratibu, "Nyamaza. Pumzi niliyobaki nayo ni ya mlima." Kisha akaketi, akafungua mfuko, akatoa bitumbura, yaani maandazi, alivyokaanga usiku, akampa kila mtu. Kila mtu. Hata yule.

Nitasema ukweli, maana nimeshalala na jambo hili usiku mwingi. Kiongozi ana haki ya kuangalia saa. Mchana mawingu hufunga kile kilele, na kushuka gizani si mchezo, tena na mtu mwenye goti bovu. Kama angenivuta pembeni akaniambia, "Ndugu yangu, tukifika saa fulani hatujatoka kwenye mianzi, tutarudi," ningemshukuru. Au angemwuliza Mama mwenyewe, mtu mzima mwenye akili zake, amechoka kiasi gani. Pengine nami nilikosa, nilipaswa kulipia safari yetu peke yetu, bila kuchanganywa na wenye haraka. Hayo yote nayakubali. Lakini kumjadili mtu mzima mbele ya uso wake kama mzigo wa mihogo, kwa lugha unayodhani haijui, hapana. Kwetu hatukulelewa hivyo.

Aliyetuokoa ni pista. Alitafuta pembeni, akaokota mwanzi mkavu uliokwisha kuanguka, kwa sababu ulio hai haukatwi. Akaupima kwa Mama kuanzia chini mpaka kwenye kiwiko, akaukata kwa panga. Halafu akafanya kitu nisichokisahau: akachuchumaa, akaparua vifundo vyote vya pale juu, kimoja kimoja, akipitisha kiganja chake mwenyewe kuangalia kama bado vinakwaruza. Aliporidhika ndipo akampa, kwa mikono miwili. Mama akamwambia, "Koko, mwanangu," yaani asante. Tangu hapo walipanda wanaongea Mashi, lugha ya kwetu, yeye nyuma yake kila hatua, na kabla mianzi haijaisha walikuwa wameshagundua kwamba mama zao waliteka maji kwenye kijito kimoja.

Juu ya mianzi mlima unabadilika kabisa. Miti inakuwa mifupi, imepinda, inaning'iniza ndevu za kijivu, na upepo unakuwa baridi. Pista akatuonyesha mmea ambao wataalamu wanauita Senecio kahuzicus, wameupa jina la mlima wenyewe. Mama aliugusa jani kwa kidole kimoja, kama anavyogusa mtoto aliyelala.

Tulifika. Mita 3,308. Wa mwisho, ndiyo, na wale wengine walikuwa wameshakula. Wingu lilikuwa limefunika kila kitu. Nikamwona Mama anaangalia ule weupe, na moyo wangu ukauma. Halafu upepo ukalisukuma wingu, likapasuka upande wa mashariki. Mashamba ya chai, mabati yanang'aa, nyuma yake ziwa. Akanyoosha fimbo. "Miti ile." Hakusema kitu kingine. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Ilikuwa dakika chache tu, likafunga tena.

Ndani ya dakika hizo kiongozi akaja na simu yake: "Mama, inua fimbo kidogo. Hivyo. Tabasamu." Mama akainua. Alidhani anapigiwa picha yake. Tulipofika mjini niliiomba. Akasema atatuma. Hakutuma.

Sasa mniulize niwape nyota ngapi. Nilitaka kuandika moja, na moja ni nyingi. Lakini nikifikiria siku ile yote, sijawahi kulipia kitu kilichomfaa Mama kuliko hicho. Gari lilifika, chakula cha mchana kilitosha, tulirudi wazima. Labda tatu? Halafu naiangalia ile picha na maandishi yake, na hasira inarudi upya. Hapana. Moja. Walinzi na mapista wa Tshivanga wangekuwa na nyota, ningewapa zote. Ukitaka kupanda, ulizia kwanza hali ya barabara na usalama wiki hiyohiyo, maana tulikwenda wakati wa utulivu, kisha zungumza na watu wa parke wenyewe kabla ya kumpa mtu wa kati pesa.

Nilimwonyesha Mama tangazo. Nilidhani ataniambia niwalazimishe waifute. Alivaa miwani, akaliangalia muda mrefu, akaikuza picha kwa vidole mpaka kwenye kile kipande cha mabati nyuma ya bega lake. Akasema, "Waiache. Lakini waandike jina langu, na waandike kwamba ni mtoto wa Miti. Na mimi wanitumie yangu."

Nimewaandikia mara mbili. Ujumbe wameusoma. Hawajajibu.